Natafuta wanunuzi wa shira ya mepo niliyopika mwenyewe huku Vermont, galoni 13 ziko stoo

Mgema wa Kaskazini · #1 · Mei 3

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo kwa sababu bidhaa yenyewe haijazoeleka kwetu.

Naishi Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Asili yangu ni Pangani. Marehemu babu alikuwa mgema wa minazi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado magotini, nikamwona mzee jirani anatoboa miti kwa keekee na kutundika ndoo. Nikasimama njiani namtazama mpaka akaniita. Nikamwambia kwetu kazi hii mtu anapanda juu, na kisu kiunoni. Akanipa keekee nijaribu. Huu ni msimu wangu wa tatu, na safari hii kaniachia matundu 60 upande wa chini wa shamba lake. Malipo yake ni nimpasulie kuni na nimpe galoni moja.

Kwa wasiojua: mti unaitwa mepo (maple). Mwishoni mwa baridi, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, utomvu unaanza kudondoka. Ukiuonja ni kama maji ya kisima yaliyopitiwa na sukari kwa mbali, maana sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Unachemsha galoni 40 kupata galoni moja ya shira. Mwaka huu nimekusanya karibu galoni 600, nimekaa mbele ya moto zaidi ya saa 70, nikapata galoni 15. Ya mzee moja, ya nyumbani moja, za kuuza 13.

Sasa shida. Kuna wenye viwanda wanaonunua kwa pipa na kupima kwa ratili. Galoni ni kama ratili 11. Niliyemuuliza alinitajia dola 2 na senti 20 kwa ratili, kwa hiyo galoni zote 13 ni dola 315 hivi. Hapo sijahesabu mgongo. Nikiuza mwenyewe painti moja kwa dola 14, bei ya kawaida huku, ni painti 104, yaani dola 1,456, nikitoa chupa za kama dola 2 kila moja. Tofauti mnaiona.

Lakini nimwuzie nani? Huku kila kona kuna mtu ana shira. Vermont peke yake inatoa karibu nusu ya shira yote ya mepo ya Marekani. Jirani zangu wa kushoto na kulia wanapika. Mwaka jana niliacha chupa 24 za plastiki kwa mali kauli kwenye duka moja la mji jirani. Miezi minne baadaye nililipwa chupa 6, na 18 nikarudishiwa zikiwa zimekaa dirishani jua likizipiga, shira imekolea rangi kuliko lebo inavyosema. Sikuweza kuziuza tena kwa jina lile. Tukazimaliza nyumbani na uji.

Na jambo la pili linaloniuma: katika hizi 13, galoni 6 ni nyeusi. Ni za mwisho wa msimu. Wazee wa hapa wanaringia ile nyepesi ya mwanzo, na mnunuzi wa pipa hiyo nyeusi anaitaka kwa bei ya chini zaidi.

Mwenye uzoefu wa kuuza vitu vya namna hii, asali, sukari guru, chochote, anisaidie. Nawasilisha.

---

Nyuki Mdogo · #2 · Mei 3

Mkuu, mimi nafuga nyuki Tabora mwaka wa kumi na mbili, na ulichoandika nimekiona kwa macho yangu, tofauti ni theluji tu.

Asali ya miombo inauzwa barabarani kwenye chupa za maji zilizotumika. Anayepita na gari anaitazama, anajiuliza imechakachuliwa au la, anapunguza bei kwa sababu ya hofu yake. Huyo mtu hana shida na pesa, ana shida na wewe, hakujui. Hata ukishusha bei hofu inabaki, tena inazidi.

Nilichofanya mimi: nilinunua daftari. Kila aliyenunua hata nusu lita niliandika jina, namba, na alichosema alipoonja. Mmoja "kali kooni", mwingine "ina moshi". Msimu uliofuata nikawapigia kabla sijarina. Sikuwaambia njoo ununue, niliwaambia naingia porini wiki ijayo, nikuwekee ngapi? Watu 40 wa daftari wamenisaidia kuliko duka lolote. Wale waliosema ina moshi niliwapa ya safari ya pili ambayo sikutumia moshi mwingi, na bado ni wateja wangu.

Mali kauli achana nayo kabisa mpaka uwe na jina. Mwenye duka asipotoa hela yake hana haraka ya kuuza.

Swali: hiyo nyeusi imeharibika, au ni rangi tu?

---

Mgema wa Kaskazini · #3 · Mei 4

Asante sana mkuu, daftari nimenunua leo leo.

Haijaharibika. Kadiri joto la msimu linavyopanda, utomvu unabadilika na shira inatoka nyeusi na nzito kwa ladha. Zamani Vermont ile nyepesi waliipa jina la kifahari na nyeusi wakaiita daraja B, kama mtoto aliyefeli. Mwaka 2014 wakabadili. Sasa zote za mezani ni daraja A na zinatofautishwa kwa rangi na ladha: dhahabu, kaharabu, nyeusi na nyeusi sana. Mimi ninazo tatu za kwanza. Dhahabu galoni 3, kaharabu 4, nyeusi 6. Inayoharibika kweli ni ya machipukizi. Mti ukianza kuchipua, utomvu unatoa harufu mbaya na hapo unang'oa mirija, kazi imekwisha. Mimi niling'oa siku mbili kabla.

---

Bibi Kaimati · #4 · Mei 4

Kaka yangu wa Pangani, shikamoo kwa kazi. Mimi ni wa Mombasa, niko Columbus, Ohio.

Hiyo nyeusi unayoisikitikia, mimi nimeionja kwa mwenye nyumba wangu. Wallahi ilinipeleka kwa nyanya yangu. Ni sukari guru ile. Ile ladha ya sukari guru inapoyeyuka kwenye sufuria kabla haijaungua. Ile nyepesi wanayoisifu nilipewa pia, sikusikia kitu, utamu mtupu na harufu kidogo kama ya vanila.

Kwa nini unawauzia Wazungu wenye miti yao uani? Sisi tunaokula kaimati, vitumbua na uji wa mtama ndio watu wako. Nitumie nusu painti mbili za nyeusi, nalipa leo. Nitaipikia kaimati Jumamosi nikwambie.

---

Mtu wa Uvira · #5 · Mei 5

Ndugu Mgema, niko Lewiston, Maine. Hapa tuko wengi: Wakongomani, Warundi, Wasomali. Jambo lako ninalielewa.

Huku Jumapili ya nne ya mwezi wa tatu wapika shira wengi wa Maine wanafungua milango, watu wanaingia kuonja. Mwaka huu nilipeleka watoto. Nilimtafuta mtu wetu hata mmoja katika ile foleni, hakuna. Siyo kwamba hawapendi tamu. Hawajui ni kitu gani. Wanaiona dukani pembeni ya ile ya bei rahisi yenye picha ya mkate, wanachukua ile rahisi.

Chupa ya dola 14 kwa mama mwenye watoto sita ni nzito. Fanya chupa ndogo. Na usiweke tu mezani, lazima mtu aeleze kwa Kiswahili na Kirundi inatoka wapi. Kwetu kanisani baada ya ibada kuna chai. Nikimweleza mchungaji, hapo mtu anaweza kuonjesha.

---

Kariakoo Ndani · #6 · Mei 5

Mkuu hii biashara naiona kubwa sana. Tuletee Dar. Nimesikia inafaa kwa wenye kisukari na inaongeza nguvu mwilini. Ukiiweka kwenye chupa ya kuvutia ukaitangaza hivyo, Masaki na Mikocheni wanamaliza kontena.

---

Mgema wa Kaskazini · #7 · Mei 5

@Kariakoo Ndani mkuu, nashukuru kwa moyo wako, ila hapo naomba nikuzuie kwa upole. Hii ni sukari. Theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, na karibu yote ni sukari ileile ya miwa. Mama yangu mzazi ana kisukari. Nikiandika kwenye chupa kwamba inamfaa, kuna mama wa mtu mwingine atakayeinywa kwa kijiko asubuhi na jioni akiniamini. Siandiki. Hata iozee stoo.

Kuhusu Dar, painti moja ina karibu ratili 1.4 za shira, ongeza kioo na boksi. Nauli ya posta inapita thamani ya mali. Na ile mnayoiona supamaketi yenye jina la shira ya kumiminia chapati za maji (pancake), soma lebo nyuma. Nyingi ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu, hakuna mti ndani. Ndiyo maana ni rahisi.

@Mtu wa Uvira ndugu, umeniamsha. Naomba uongee na mchungaji.

@Bibi Kaimati dada, zimetoka posta leo.

---

Baridi Kali · #8 · Mei 6

Niko Montreal. Nataka kuongeza kitu ambacho mwenye uzi huenda hakioni kwa sababu anaishi ndani yake.

Jimbo letu la Kwebeki (Quebec) linatoa zaidi ya asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani, na mkulima hapa hauzi anavyotaka. Kuna chama cha wazalishaji kinachogawa kiasi cha kila mtu, kinanunua kwa pipa, kinahifadhi akiba kwenye maghala na kulinda bei. Akiba ni kubwa kiasi kwamba kati ya 2011 na 2012 wezi waliiba karibu tani 3,000 kutoka ghala moja, thamani yake zaidi ya milioni 18 za dola za Kanada. Walikuwa wakinyonya shira na kujaza maji kwenye mapipa. Iligundulika mkaguzi alipopanda juu ya pipa, likayumba. Lilikuwa tupu.

Mkulima mdogo hapa ana mlango mmoja tu wa uhuru: kuuza mwenyewe, uso kwa uso, kwa vyombo visivyozidi lita 5. Na wengi wanaishi kwa mlango huo. Wewe Vermont mgawo huo huna kabisa, uza kwa chombo chochote. Kwa hiyo ukikimbilia pipa ni kama umejifungia mwenyewe.

Jambo jingine: huku familia nzima inakwenda kwenye kibanda cha kupikia wakati wa msimu, wanakula hapohapo, shira inamwagwa juu ya theluji inakuwa kama gundi ya kutafuna. Wanarudi na makopo. Kibanda chenyewe ndicho duka. Una kibanda?

---

Mgema wa Kaskazini · #9 · Mei 6

Ninacho, ila ni mabati matatu na nguzo. Mwaka wa kwanza nilipikia jikoni ndani. Msifanye. Mvuke wa galoni 40 za maji unapanda kwenye dari na kushuka na utamu, kuta zikanata hata mtoto akaacha alama za viganja sebuleni kote.

Niwaeleze inavyopikwa, labda itasaidia mwenye kutaka kuonjesha. Sinia ni pana na fupi, la chuma cha pua, juu ya matofali. Moto hauzimwi. Povu likipanda unadondosha siagi kiasi cha punje ya mahindi, linashuka palepale. Mwisho unakuja ghafla. Kipimajoto kikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya pale maji yanapochemkia, unachovya mwiko na kuuinua. Ikiwa bado, inadondoka tone tone kama maji. Ikiiva, matone mawili yanashikana ukingoni mwa mwiko, yanaungana, yanaanguka kwa pamoja kama upindo wa kitambaa. Ukichelewa kidogo tu inaganda sukari, sinia linaungua.

Na hapa ndipo palipo na uaminifu wa mpishi. Sheria ya Vermont inataka sukari isipungue asilimia 66.9, karibu asilimia moja juu ya ile ya nchi nzima. Ukiitoa mapema unapata galoni nyingi kwa kuni zilezile, na mnunuzi haioni kwa macho. Inachacha baadaye chupani kwake. Babu alikuwa akituambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikidhani ni maneno ya tembo. Mzee jirani hajui methali hiyo, lakini siku ya kwanza alinipa haidromita yake, kile kipimo cha sukari ya shira, kabla ya kunipa ndoo.

Ndoo pia: kuna za mabati za zamani zinauzwa rahisi kwenye minada ya vitu chakavu. Msinunue. Nyingi ziliungwa kwa risasi.

---

Bibi Kaimati · #10 · Mei 11

Nimerudi na habari, na mikono bado inanata.

Shira yetu ya kaimati tunachemsha sukari na maji, hiliki, zafarani, ndimu kidogo. Hii nimefanya hivi. Nusu painti nimeitia sufuriani moto mdogo, dakika nne tano tu, mpaka nikiivuta kwa vidole inatoa uzi mmoja mfupi. Bila hivyo ni nyembamba, inapita chini ya sahani na kaimati inabaki uchi. Hiliki mbili za kutwanga. Zafarani usitie, nilijaribu kwenye bakuli la pili, zinapigana na ule moshi wa mti na zote zinapotea. Kaimati zitoke motoni ziingie moja kwa moja.

Waliokuja ni akina mama tisa. Mmoja wa Lamu akasema, "Hii sukari guru umeipata wapi?" Sikujibu mpaka amalize. Nilipomwambia ni maji ya mti akainuka kwenda kuitazama chupa. Nahitaji nusu painti 10 zaidi. Majina nimeyaandika, nakutumia kwa faragha uyatie kwenye daftari lako.

---

Nyuki Mdogo · #11 · Mei 11

Dada, hapo umemaliza kazi. Mkuu, usibadilishe hiyo nyeusi jina wala usiiombee radhi. Kwetu asali ya nyuki wadogo ni nyepesi kama maji na ina uchachu, wageni wanadhani imeharibika, na ndiyo inayouzwa ghali kuliko zote kwa wanaoijua.

---

Mtu wa Uvira · #12 · Mei 20

Mchungaji amekubali. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita. Nimesema kwa watu kwamba mpishi ni ndugu anayeongea Kiswahili. Swali la kwanza nililoulizwa: "Atakuja yeye mwenyewe?" Uje, ndugu yangu. Usitume boksi.

---

Mgema wa Kaskazini · #13 · Oktoba 19

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya. Msimu wa majani kubadilika rangi umetuweka barabarani.

Lewiston nilikwenda mwenyewe na mama watoto. Tuliimimina nyeusi upya kwenye chupa za kioo za nusu painti, tukiipasha hadi nyuzi 85 ili isiingie ukungu, lebo ina daraja, ujazo, jina langu na anwani. Bei dola 9. Nilichukua utomvu niliougandisha tangu mwezi wa tatu, kila mtu akanywa kikombe kidogo kwanza. Wakasema ni maji. Kisha kijiko cha shira. Mzee mmoja kutoka Fizi, Kongo, akashika kikombe mkono huu na kijiko mkono huu, akauliza kuni ni kiasi gani. Tukazungumza kuni nusu saa, kwa kuwa aliwahi kuchoma mkaa. Alinunua tatu. Zilitoka 40 siku hiyo, zote kwa fedha taslimu.

Mwezi wa saba kulikuwa na harusi Winooski, mji wa hapa Vermont, mama watoto alipika kaimati kwa maelezo ya Bibi Kaimati, zikatoka 31. Columbus 12. Nyingine 7 kwa mtu mmoja mmoja. Nusu painti 6 zimeishia kwenye vijiko vya kuonjesha, na sizijutii hata moja. Nyeusi imekwisha yote. Ile niliyotaka kuisukumia kwenye pipa.

Kaharabu na dhahabu njia yake ilikuwa nyingine. Nilijenga meza barabarani yenye paa dogo na sanduku la pesa, kama wafanyavyo wengi huku, anayepita anachukua chupa anatia hela bila mtu kukaa. Watalii wa majani ndio waliozibeba, kwa sababu chupa ya kioo ikipigwa na jua la asubuhi ile dhahabu inawaka na gari linasimama. Jioni naziingiza ndani, somo la dirishani sijalisahau. Painti 32 za kaharabu zimekwisha, dhahabu zimetoka 20 kati ya 24. Pesa za sandukuni zilipungua dola 14 mara moja tu, na siku mbili baadaye nikazikuta kwenye bahasha na karatasi ya kuomba samahani.

Jumla ni dola 1,538 kabla ya chupa na mafuta ya gari. Kwenye pipa hakuna hata ratili iliyokwenda.

Mzee jirani ameniongezea matundu 40 kwa mwaka ujao. Nimechukua 20. Kuni nilizopasua hazitoshi zaidi ya hapo, na mgongo wake hauruhusu tena kunisaidia usiku.

---

Bibi Kaimati · #14 · Oktoba 19

Alhamdulillahi kaka. Sasa niandikie nusu painti 20 za nyeusi za mwakani kabla hujaanza kutoboa. Na yule mama wa Lamu anataka kujua, hiyo dhahabu iliyobaki ni ngapi, mumewe ana mgeni Mzungu.

---

Mgema wa Kaskazini · #15 · Oktoba 20

Zimebaki nne dada. Mbili nimemwekea, zinatoka posta kesho. Ishirini zako za nyeusi nimeziandika ukurasa wa kwanza, chini ya yule mzee wa Fizi. Yeye ameagiza sita na amesema mwezi wa tatu atakuja kukaa na moto usiku mmoja.